Kiporo cha Bwana

Tulimzika Mama Upendo wiki iliyopita, Dar es Salaam, na hakuna kilichopungua. Kwaya tatu, maturubai ya kukodi, maji ya chupa kwa kila kiti, na wapishi wenye aproni waliogawa pilau iliyokuwa bado inafuka. Niliwekwa safu ya tatu kwa sababu ya umri wangu, na kwa sababu mtu fulani aliwanong'oneza wapokea wageni kwamba huyu mama aliwahi kuishi na marehemu. Binti yake mkubwa, huyo Upendo mwenyewe, akasimama kusoma wasifu. Alisoma vizuri, bila kulia, mpaka akafika miaka ya Mafia. Akasema mama yao, akiwa mke wa mwinjilisti katika kisiwa ambako Wakristo wote walitosha kwenye mabenchi machache, alimlisha mzee mgonjwa kutoka jikoni mwake kwa mwaka mzima, kwa kuwa alijaliwa moyo wa kumpa Mungu na wanadamu kilicho bora. Umati ukaitikia amina. Mimi nilifungua chupa yangu nikanywa maji yote kwa mkupuo mmoja, maana kitu kilikuwa kimenipanda kooni, na ladha yake naifahamu tangu nina miaka kumi na tisa.

Najua wafu hawasemwi vibaya. Lakini pale msibani walitajwa wafu wawili, na wa pili hakuwa na mtoto wa kumsomea wasifu, wala hakupewa jina. Mzee mgonjwa, basi. Aliitwa Yonathani, na kazi yake maisha yote ilikuwa kupika. Nitamsemea mimi. Kama watoto wa Mama Upendo watanuna, na wanune, nimeshazeeka mno kuogopa kununiwa.

Nilifikaje Kilindoni, huko Mafia, si habari ndefu wala si nzuri, naiacha. Itoshe kwamba nilikuwa msichana wa bara niliyekabidhiwa kwa mwinjilisti na mkewe niwasaidie kazi za nyumbani, nao wanitafutie chuo, na chuo sikukisikia tena. Nyumba ilikuwa nyuma ya kanisa, vyumba vitatu chini ya bati, na sebule yenye viti vya mbao vilivyovishwa vitambaa vya kufuma. Mimi nililala stoo. Palikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo lenye wavu, na chini ya dirisha sanduku la mbao lililowahi kuleta vioo vya madirisha ya kanisa. Juu ya sanduku lilikaa sufuria lenye mfuniko uliopinda. Sanduku na sufuria kwa pamoja viliitwa fungu la Bwana, nami nililala navyo chumba kimoja, kichwa changu hatua mbili kutoka kwenye mfuniko ule. Usiku wa kwanza nilidhani panya amefia ndani ya ukuta. Asubuhi nikauliza, nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba si panya, ni sadaka.

Katika sanduku mlikuwa na mkate ulioota ukungu, unga wenye wadudu, samaki wakavu, ng'onda, waliotobolewa na funza, soda aliyoiacha mgeni nusu chupa, kikombe kisicho na mkono, gauni la Upendo lililochanika makwapani. Katika sufuria kiliwekwa chakula kilichobaki mezani: wali wa juzi, juu yake ugali wa jana, juu yake mchuzi, vyote vikikaa pamoja hadi vikaanza kutoa povu. Mama Upendo hakutupa kitu. Nikinyanyua bakuli kwenda kumwaga, nilisikia sauti yake nyuma yangu: "Usimwage, mwanangu. Weka fungu la Bwana." Humo ndimo kilimotoka cha kupeleka madhabahuni siku ya mavuno, cha kumpa mwombaji aliyebisha hodi, cha kupeleka kwenye msiba wa watu, na cha kumlisha mgonjwa. Wala hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli, ningemwelewa, pengine hata ningecheka. Alisema kwa sauti ile ile aliyosalia, macho yamelegea, kama mtu anayemtunzia rafiki yake kitu. Aliamini. Mpaka leo hilo ndilo linalonichefua kuliko funza.

Mwinjilisti yeye alijaliwa sauti. Jumapili moja alihubiri juu ya kumtolea Mungu mzaliwa wa kwanza na mafuta ya mnyama, wala si kilema, wala si kipofu, na alipofika kwenye mwanakondoo aliinua mikono kana kwamba anambeba pale pale mbele yetu. Mwalimu mmoja wa kutoka Mbeya alilia. Hata mimi nilitokwa na machozi, na nilikuwa mtu niliyetoka kulala na lile sufuria. Tukarudi nyumbani. Siku hiyo muumini mmoja alikuwa ametoa jogoo, akachinjwa, akapikwa kwa nazi. Mwinjilisti akala mapaja yote mawili, akacheua, akachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, kisha akasukuma sahani yenye shingo na mifupa aliyokwisha kuitafuna. "Tumsifu," akaniita kwa jina langu, "hii itamfaa mzee." Nilisimama na sahani ile mkononi, mate ya mtu yakiwa bado yanang'aa kwenye mfupa, na nikawaza kwamba mwanakondoo wa asubuhi alikuwa wa hewa tu.

Sasa huyo mzee. Mzee Yonathani alikuwa amekuja Mafia kijana kupika katika nyumba ya wageni ya serikali, akazeekea hapo bila mke wala mtoto. Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye makuu, aliyewahi kunywa sana, na mtu wa kukosoa kila kitu kuanzia mvua hadi nyimbo za kwaya. Alikuwa na kisukari, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Daktari alimwambia mwinjilisti mbele yangu, maana mimi ndiye nilikuwa nimemshika mzee mkono: mguu ule lazima ukakatwe bara, lakini kwa wembamba alionao kisu kitamuua kabla ya ugonjwa. "Mlisheni," akasema. "Samaki, mayai, mboga, chakula cha siku hiyo hiyo, kidogo kidogo. Akipata nguvu avuke. Asipopata, mtamzika hapa hapa." Mwinjilisti akaitikia kwa kichwa, na Jumapili akatangaza kanisani kwamba mzee sasa ni wa kanisa, na kwamba nyumba yake yeye mwenyewe imebeba jukumu la kumlisha hadi siku atakayovuka. Watu wakapiga makofi. Walikuwa wachache na wenye kazi zao, wakapumua kwamba jambo limepata mwenyewe.

Lakini jambo lilikuwa na mwenyewe tangu zamani. Mzee aliishi katika chumba cha nje cha Bi Zuwena, jirani yetu, mwanamke wa watu wa asili ya Oman, mwenye mashamba ya minazi aliyorithi kwa baba yake na ulimi aliourithi sijui kwa nani. Kodi aliacha kumdai tangu mzee alipoacha kazi, na mchana akipakua chakula alimpakulia na yeye. Mwinjilisti akamwendea. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba viazi. "Bi Zuwena," akasema, "tunashukuru sana, lakini mzee ni muumini wetu. Mzigo huu ni wa kanisa." Bi Zuwena akamtazama. "Mimi sikuambiwa kama ni mzigo," akasema. "Haya, bwana. Ya dini yenu siyaingilii." Na kweli hakuyaingilia. Kuanzia siku ile sahani yake ikakoma, na yetu ikaanza.

Aliyeipeleka ni mimi. Kila mchana Mama Upendo alichota kutoka kwenye lile sufuria, akapasha moto kama kuni zipo, akafunika kwa kawa, akaniambia nisichelewe. Chumba cha mzee kilikuwa safi kwa kadiri mgonjwa anayejikokota anavyoweza kukisafisha, ila kidonda kilikuwa na harufu yake, na siku za mwanzo nilimuosha mguu huku nimegeuza uso. Nakumbuka usaha, nakumbuka nzi, nakumbuka nilivyokimbilia nje na kutapika kwenye mchanga na yeye akisema kutoka ndani, "Pole, mwanangu, mguu huu hauna adabu." Kinyaa kile kilikwisha. Kwa wiki mbili hivi, sabuni na maji ya chumvi vilikimaliza, na ikafika siku nikawa naushika ule mguu huku nikiongea habari nyingine. Kile kingine, cha sahani, hakikupungua. Kilizidi kila siku, kwa sababu mzee alikuwa akikifunua kile chakula, anakigeuza kwa kidole, ananusa kidogo, kisha anakula. Mtu aliyewahi kurudisha jikoni mchuzi wa mkuu wa wilaya kwa sababu umezidi bizari alikula maharage yenye povu, akanawa, akasema ahsante.

Halafu akaomba msamaha. Hapa lazima nieleze kwa watu wa bara wenzangu. Pwani sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na kitu, inarudi na kitu, hata ndimu mbili, hata chumvi ya kukunja kwenye karatasi. Mzee alikuwa ameishi pale muda mrefu kiasi kwamba hilo lilikuwa limemwingia kwenye damu. Miezi ya mwanzo, alipokuwa bado anajikokota, alichuma ndimu za mti uliokuwa mlangoni pake akaniwekea kwenye sahani, na Mama Upendo akazipokea akisema mzee ana adabu. Mguu ulipomlaza kabisa, zikakoma. Kuanzia hapo, kila mchana, alinikabidhi sahani kwa mikono miwili na uso umeinama: "Mwambie mama anisamehe. Inarudi tupu tena." Hicho ndicho kilichomnyima raha, si tumbo lake. Mimi nilikuwa nikitembea kurudi nyumbani na sahani iliyobeba uozo, na ombi la msamaha la aliyeula.

Siku moja nilikuwa nimeinama nyuma ya ua wa makuti nasugua ile sahani kwa mchanga kabla sijaingia, nikawasikia Bi Zuwena na mkwe wake upande wa pili wakikuna nazi. "Umeisikia harufu ile?" akauliza Bi Zuwena. Mkwe akasema ameisikia, alidhani paka kafa. "Si paka. Ndicho wampelekeacho mgonjwa wao." Mbuzi za nazi zikakwaruza kwa muda. "Basi huyo Mungu wao," akasema Bi Zuwena, "naye wampa nini?" Mkwe akamwambia mama, usiingie mambo ya watu. "Siingii. Nauliza tu." Nimekaa kwenye semina za uinjilisti tangu wakati huo, nimesikia wasomi wakieleza kwa nini watu wa pwani hawaji kwetu. Wanataja historia, wanataja wafanyabiashara, wanataja shule. Mimi huwa nanyoosha mkono, na siku hizi mwenyekiti anajifanya hanioni.

Ramadhani ikaja na kumwokoa mzee kwa mwezi mmoja. Jioni ya kwanza Bi Zuwena alisimama mlangoni petu na sinia, akamwambia Mama Upendo bila kuzungushazungusha: "Shoga, mwezi huu mimi siombi ruhusa ya mtu. Ya futari nampelekea mwenyewe." Na akampelekea. Mihogo ya nazi, tambi, samaki, uji wa pilipili manga, vyote vikipakuliwa kwanza, kabla watu wa nyumba yake waliofunga kutwa hawajatia kitu kinywani. Kaimati za sukari tu ndizo hakumpa, alikuwa amekwisha uliza kisukari kinataka nini. Nyumba yetu nayo ililetewa, na Mama Upendo akarudisha sahani ikiwa na vipande vya mkate alivyovichoma motoni ili ukungu usionekane. Bi Zuwena akaipokea kwa mkono wa kulia, akashukuru, na kuku wake wakafuturu. Mzee akaanza kunenepa. Mashavu yakarudi. Akasimama kwa gongo hadi mlangoni, akachuma ndimu, akamrudishia Bi Zuwena sahani na ndimu zake, na siku hiyo aliikosoa futari kwa mara ya kwanza: tui limewekwa mapema, alisema. Nilifurahi mno kumsikia akikosoa. Daktari alipomwona akasema mwezi mmoja mwingine wa namna hii, avuke.

Mwezi mwingine wa namna hii haukuwepo. Siku ya pili baada ya Idi, Mwinjilisti akaenda tena kwa Bi Zuwena kushukuru, na kukumbusha. Sufuria likarudi. Wiki chache, na mzee hakusimama tena. Nikajaribu kuficha kipande changu cha samaki ndani ya khanga nimwongezee, Mama Upendo akakigundua kwa harufu, tangu hapo akawa ananitazama nikila hadi nimalize. Ndipo nikamwambia. Nilimwambia wazi: mama, daktari alisema chakula cha siku hiyo hiyo, mzee anarudi nyuma. Hakukasirika. Aliendelea kuchambua mchele. "Wewe umekuja juzi tu, Tumsifu. Umewahi kumsikia mzee akilalamika? Anashukuru kuliko wewe unayekaa mezani. Mungu haangalii sahani, mwanangu. Anaangalia moyo." Nimeshayasikia maneno hayo katika vinywa vingi. Sijawahi kuyasikia kwa mtu anayepakua vizuri.

Leo mimi ni mzee wa kanisa huko ninakoishi, na siku ya mavuno nasimama mlangoni. Wakileta mahindi yaliyobunguliwa, nayarudisha. Wakileta nguo zisizo na vifungo, nauliza vifungo viko wapi. Mchungaji ameniita ofisini kuniambia kwamba sadaka haipimwi kwa macho ya binadamu, na kwamba nawavunja watu moyo. Nikamjibu baadaye mbele ya kamati kwamba sijui Mungu anakula nini, lakini namjua aliyewahi kukila hicho anachopewa. Wananiita mkaguzi. Jina nimelikubali.

Basi kule Kilindoni ikatangazwa kwamba mkuu wa jimbo anakuja. Angehubiri, angekula, angemwona mzee, na kama mzee ana nguvu angeondoka naye kwa boti ya asubuhi yake hadi hospitali ya bara, ambako nafasi ilikwisha ombwa. Kama hana, safari isingekuwepo, na kila mtu alijua maana ya safari kutokuwepo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: nyumba ile ilipona kweli kweli. Kolekole mzima mkubwa kutoka kwa wavuvi, mchele mpya, bizari zilizotwangwa pale pale, chapati, kachumbari. Nilikuna nazi hadi vidole vikavimba. Mama Upendo alimchoma yule samaki juu ya makaa na kumpaka tui jingi, mara kwa mara, bila kuharakisha, mpaka ngozi ikawa na rangi ya dhahabu na uani hapakaliki kwa harufu. Kisha, mkuu wa jimbo akiwa sebuleni na Mwinjilisti wakiomba ombi refu, akaniita. "Mpelekee mzee chakula chake kwanza. Nataka baba mkuu akienda kumwona amkute amekula." Akafunua lile sufuria kule stoo, akachota ugali wa juzi na maharage yaliyovuta nyuzi, akafunika kwa kawa, akaenda chumbani kubadili gauni.

Nilisimama uani na ile sahani. Nilifunua, nikaitazama, nikawamwagia kuku. Wakaja mbio, wakadonoa mara mbili, wakarudi kwenye vumbi lao. Sikuhitaji ushauri mwingine. Niliweka pilau yote kwenye sinia, nikamlaza kolekole juu yake mzima mzima, nikafunika, nikaisuuza ile sahani na kuichukua pia, nikatoka. Sijawahi kutubu kwa hilo, na nimewahi kutubia mambo madogo zaidi. Bi Zuwena alikuwa barazani. Harufu ikamfikia kabla yangu. "Tumu," akasema, kama alivyozoea kunifupisha jina, "leo Mungu wenu kaamka?" Nikamjibu shikamoo, akacheka, akaitika marahaba.

Mzee akafunua. Kisha akauliza, "Nani kafa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, ale. Akanawa mikono kwa muda mrefu, akamega nyama ya shingoni, akaitia mdomoni. Akala tena. Akaacha, akafikiri. "Tui la kwanza limewekwa mwisho," akasema. "Na ndimu haikuzidi. Nani kapika?" Nikamwambia ni Mama Upendo. Akanitazama kama mtu aliyedanganywa. "Sikujua kama anajua kupika," akasema, na mimi nikageukia ukutani, maana nilisikia hasira mpaka kwenye meno. Mwaka mzima. Ujuzi wote ule ulikuwepo, hatua chache kutoka kitandani pake, na yeye mpishi hakujua.

Alikula vizuri, taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani. Kisha akafanya jambo lililonikera kuliko yote. Akapasua upande wa tumboni, pale penye mafuta, akatoa kipande kimoja kikubwa kisicho na mwiba, akakiweka kwenye sahani ile iliyokuja na sinia na kukifunika kwa kawa. "Mpelekee mama," akasema. "Leo hairudi tupu." Nikamwambia hastahili. Nikamwambia hata kile chakula hakukiagiza mama, nimekichukua mimi. Akaninyooshea kidole chenye tui. "Nilikuuliza anastahili nini? Nimekwambia mpelekee." Nikamwambia basi ampe shingo au mkia. Akacheka kwa dharau. "Nimepika miaka yote hiyo, nimpe mtu mkia?"

Tukawa tunabishana hivyo mlango ukaingiza watu: mkuu wa jimbo mbele, Mwinjilisti, na nyuma yao Mama Upendo katika gauni lake la kitenge, ambaye nadhani alikwisha kuona sinia lake halipo na alikuja kwa kufuata harufu. Mzee alikuwa amekaa wima, vidole vinang'aa, macho yana uhai, mbele yake mifupa ya kolekole. Mkuu wa jimbo akaangalia, akaguswa kabisa. "Kumbe ndivyo mnavyomlisha," akasema. "Mungu awabariki." Mwinjilisti hakumeza hata mate. "Ni neema tu, baba mkuu," akajibu. Nilimtazama mdomo wake nikausubiri utetemeke, haukutetemeka. Ndipo mzee akachukua ile sahani kwa mikono miwili. "Mama, mwaka mzima nakurudishia sahani tupu, na roho inaniuma. Pokea." Mama Upendo akapokea. Akafunua kidogo, akaona ni kipande gani, akafunika. Uso wake ulibadilika kwa muda mfupi, na kwa muda huo mfupi nilidhani atasema kitu. Akasema, "Ahsante, mzee."

Mezani palikuwa na chapati, kachumbari na kipande kile. Mama Upendo alimwekea mkuu wa jimbo, ambaye alikula chote, akisifu, akiomba mikono iliyopika ibarikiwe, na mimi nilisimama mlangoni na birika nikimtazama akila mabaki ya sinia la mgonjwa, na kilikuwa chakula kizuri kuliko chochote kilichowahi kutoka nyumba ile kwenda kwa mzee. Alipomaliza akasema mzee ana nguvu za kuvuka, atakwenda asubuhi. Ila anahitaji mtu wa kufuatana naye, wa kumuosha na kumpikia, pengine kwa muda mrefu. Kanisa linaweza kumtoa nani? Mwinjilisti akainua macho darini. Mama Upendo hakuwa amenitazama tangu turudi. "Huyu hapa," akasema, na kuniwekea mkono begani. "Tumsifu. Ndiye tunayemtegemea, baba, lakini kwa kazi ya Bwana hatuwezi kumnyima." Ilikuwa sauti ile ile, macho yamelegea vile vile, na nikajua nimewekwa fungu gani. Mkuu wa jimbo akainamisha kichwa kuiombea nyumba iliyojitoa kiasi hicho.

Nilisema niko tayari kabla hawajafika amina. Mzee Yonathani alikatwa mguu akapona, akaishi kwangu kwa gongo na kwa ukali wake, akinikosoa kila siku juu ya bizari, na nilipokosea nilipika upya. Mpaka alipokufa hakula kiporo changu hata siku moja.